Hospawa Kumi za Yotamu

Dickson aliziegesha zile trekta mbili sambamba mbele ya duka lake, hapo Kyela mjini, akarudi nyuma hatua tatu na kukunja mikono kifuani kama baba wa mapacha. Zote nyekundu. Zote kiti kimoja, usukani mmoja, na kile chuma cha nyuma cha kumkinga dereva zikipinduka. Kama si namba zilizoandikwa ubavuni, nisingejua ipi ni ipi. Moja ilikuwa na 25, nyingine 35.

"Hii hospawa ishirini na tano, ile thelathini na tano," alisema. "Hapo sasa ni wewe tu, mama."

"Hizo kumi zinazozidi zinafanya nini?"

"Zinavuta."

"Zinavuta nini?"

"Chochote utakachozifungia." Akacheka, mwenyewe akiona amejibu.

Nami nilijua kitu ambacho hospawa kumi zile zilikuwa zimeahidi kunivutia, na hakikuwa tela wala magunia ya mpunga. Alikuwa mume wangu, kutoka Afrika Kusini.

Naitwa Jeni, nakaa Ikolo, nalima mpunga na kakao. Yotamu aliondoka miaka sita iliyopita. Nilimsindikiza mpaka Kasumulu, nikabaki upande wetu wa mto Songwe nikimtazama anavuka daraja na begi lake la bluu begani. Aligeuka mara moja, akanipungia, akaingia Malawi, na huko akaendelea na safari yake ya Sauzi. Aliniambia miaka miwili. Wanasema subira yavuta heri. Yangu imevuta mvi, na bado ipo kazini.

Pesa ya trekta ilitoka kwenye kakao, mwaka ule bei ilipopanda mpaka watu wakahamishia vitanda vyao shambani kulinda miti. Yotamu aliongezea kidogo, na kwa kidogo hicho akajipa haki ya kuchagua. Alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu: "Jeni, chukua hiyo thelathini na tano. Ile ndogo ni ya bustani. Kubwa nikija nitaiendesha mwenyewe, nitawalimia watu mpaka Talatala, nitavuta tela mpaka Kasumulu. Wewe huiwezi, lakini usijali, mimi nipo."

Sijui niliusikiliza ujumbe ule mara ngapi. Nikipika nausikiliza, nikipalilia nausikiliza. Nilikuwa naurudisha nyuma makusudi nifike tena pale pa "mimi nipo". Miaka sita mtu hayupo, halafu anasema yupo, na moyo unakubali. Moyo wangu ni mjinga, nimeshausema sana lakini hausikii.

Basi hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Nikinunua kubwa, itataka mwanaume wa kuiendesha, na mwanaume huyo itambidi aje. Nikinunua ndogo nitaiendesha mwenyewe, na nitakuwa nimemwambia Yotamu kwamba nyumbani mambo yanakwenda bila yeye. Sikutaka kumwambia hivyo kwa sababu haikuwa kweli. Mpaka wakati huo nilikuwa nalala ubavu mmoja wa kitanda, ule mwingine nikiutandika kila asubuhi japo haukuvurugwa na mtu.

Ikolo nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kula mshahara kwa kuendesha trekta, naye ni baba yake Yotamu. Ujanani alikuwa dereva kwenye shamba kubwa la mpunga kule Usangu. Huyo ndiye wa kumuuliza, ila mimi na yeye hatusemezani. Msidhani tumegombana. Ni baba mkwe wangu, na mama mkwe alinifundisha wiki ile ile niliyoolewa kwamba mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala hataji jina lake. Hata hapa silitaji. Wenzangu wengi wa rika langu wameachana na mambo hayo, wanakaa na wakwe zao meza moja baada ya ibada, wanachekeana. Mimi nilifundishwa na mwanamke niliyempenda, naye alifariki kabla hajanifungulia mwiko huo.

Kwa hiyo, kwa miaka kumi na minne sikuwa nimeuona uso wa mzee yule ukiwa mzima. Namjua kwa kofia, kwa mgongo na kwa kikohozi. Akitaka kupita njia ya migombani kati ya nyumba yake na yangu, anakohoa mara mbili, nami nasogea pembeni nakagua majani ya migomba kana kwamba nimeyaona leo. Nikimpelekea chakula nakiweka kwenye kigoda barazani pake, nakohoa mara moja, naondoka. Zamani binti yetu Mercy ndiye aliyebeba maneno kati yetu. Tangu aende shule ya bweni, tulibakiwa na vikohozi.

Siku hiyo niliporudi kutoka kwa Dickson nilipika wali na samaki mbasa, nikaweka karatasi mbili za zile trekta chini ya sahani, nikakohoa, nikaondoka.

Sahani ilirudi jioni kwenye ukuta wa jiko langu, imeoshwa, karatasi zimekunjwa juu yake. Mzee alikuwa amechora duara kwa kipande cha mkaa. Nilitegemea duara liwe kwenye hospawa. Aliizungushia sehemu ya uzito. Ile kubwa ilizidi ndogo kwa kilo mia tatu na hamsini, na mimi sikuwa hata nimeisoma sehemu ile.

Asubuhi yake nilikuta vijiti. Vijiti vya mwanzi, viwili viwili, vimechomekwa kuanzia uani kwangu, vikapita kwenye kakao, vikavuka kijito, vikaenda hadi kwenye majaruba ya mpunga. Vingine vilifungwa jani bichi la mgomba, vingine jani kavu. Nilichuchumaa pale nikivikodolea macho mpaka nikaelewa. Majani mabichi yalikuwa upana wa magurudumu ya trekta ndogo, makavu upana wa ile kubwa. Dukani zilifanana; hapa ardhini zilipishana shibiri kila upande.

Mwenye macho haambiwi tazama, nikavifuata. Kwenye kakao, vijiti vya majani mabichi vilipita katikati ya mistari bila kugusa kitu. Vya majani makavu vilisimama kwenye mashina yenyewe ya mstari ambao Yotamu aliupanda mwaka tulipooana. Kwenye kijito tuna daraja la magogo manne. Mabichi yalikaa juu ya magogo, makavu yalikuwa majini, huku na huku. Nilipofika jarubani nikakuta mwanzi mrefu umezamishwa kwenye tope mpaka kwenye udongo mgumu wa chini, una alama mbili za kisu. Ya chini ilifungwa jani bichi, nayo ilinifika kwenye ugoko. Ya juu ilifungwa jani kavu, ikanifika pajani. Ndicho kina ambacho kila trekta ingezama, na kwa kina cha pajani ile kubwa ingekalia tumbo.

Nilikasirika, siwafichi. Niling'oa kijiti kimoja cha jani kavu pale darajani nikakitupa kijitoni. Daraja si linajengwa? Kakao si inapandwa nyingine? Huyu mzee hataki mwanawe arudi? Nilimsema mzee wa watu moyoni kwa maneno ambayo, kama ningeruhusiwa kusema naye, nisingethubutu kuyasema.

Kesho yake nikarudi kwa Dickson kununua thelathini na tano.

"Umechagua vizuri," Dickson alisema, akiipapasa kama ng'ombe wa mnada.

"Uzito wake je? Kwetu tope ni refu."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, mama."

"Ng'ombe akinasa hujinasua kwa miguu yake," nilimjibu. "Hii ikinasa itajinasua kwa nini, kwa hiyo namba?" Nikajishangaa. Nilikuwa nimekuja kuinunua, na hapo nilikuwa namtetea mzee na vijiti vyake.

Dickson akanipandisha kwenye kiti nijaribu. Mguu wangu wa kushoto haukufika kwenye klachi vizuri mpaka niteleze mbele, na nikiteleza mbele usukani unanibana tumboni. Akanipandisha kwenye ile ndogo. Nilikaa kama nilivyokaa kwenye kigoda changu cha jikoni, kila kitu mkononi.

"Ile kubwa ataendesha nani?" akauliza.

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Ametoka lini?"

Hakuwa na ubaya, alitaka tu kujua aiandae trekta kwa siku gani. Nilibaki nimekaa juu ya ishirini na tano, mikono kwenye usukani, nikitafuta tarehe kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba aliouacha nyumbani. Barabarani malori yalikuwa yakipita kwenda Kasumulu.

Nikachukua ndogo.

Na niseme yote: sikuichukua kwa busara. Niliichukua kwa hila. Yotamu hapendi kubishiwa. Nilijua nikimkaidi atawaka, na akiwaka atakuja. Kabla hajaondoka, alipokuwa kibarua Talatala, tuliwahi kugombana kwenye simu, akapanda baiskeli kwenye mvua akaja hadi nyumbani ili tu amalizie ugomvi. Alifika amelowa chapachapa, akasahau alichotaka kusema, tukala ndizi tukicheka. Mwanaume huyo ndiye niliyekuwa namtegea. Nilipiga picha ya trekta nikamtumia, nikaandika: "Nimechukua ndogo." Nikakaa kusubiri moto.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. "Sawa. Poa tu."

Nililisoma nikaigeuza simu nione kama kuna kingine nyuma. Tusi lingenifaa zaidi.

Dereva wa Dickson aliileta trekta Ikolo, akanielekeza kwa saa moja, akapokea soda yake, akaondoka. Asubuhi iliyofuata nilikuwa peke yangu ukingoni mwa jaruba la kwanza. Niliwasha, nikaachia klachi, trekta ikaruka kama mbuzi na kuzima. Nikawasha tena, ikaruka tena. Mara ya nne nilianza kulia kwa hasira, ndipo nikasikia kikohozi mara mbili kwenye migomba ya ukingoni.

Nikatazama chini kama inavyotakiwa.

"Trekta!" sauti ikaita.

Hakuwa akisema na mimi. Hakuna mwiko unaomzuia mtu kusema na chuma.

"Trekta, kanyaga klachi hadi mwisho. Hadi mwisho, usiibe. Sasa weka gia yenye picha ya kobe. Kobe, si sungura! Sungura atakutupa mtaroni."

Nikaweka ya kobe.

"Trekta, achia klachi taratibu. Taratibu, kama unamlaza mtoto aliyeshikwa na usingizi."

Trekta ikaenda. Iliondoka laini, rotaveta, lile jembe la visu linalozunguka nyuma, ikazama, tope likaanza kupinduka nyuma yangu jeusi na lenye kunukia. Nilicheka peke yangu. Kutoka migombani nikasikia mtu mwingine anacheka, halafu akakumbuka heshima yake akakohoa.

Tulifundishwa siku nne, mimi na trekta. Mambo ya mashine mzee aliyajua kwa Kiswahili, maana aliyajifunzia Usangu, basi alitutukana kwa Kiswahili. "Trekta, una kichwa kigumu, nimesema geuka ukiwa umenyanyua rotaveta!" "Trekta, unamkimbilia nani? Mpunga haukimbii." Jioni ya siku ya nne alisema, "Trekta, leo umelima. Ndaga fijo." Hakuna mtu aliyekuwa amenishukuru kwa kulima tangu mama mkwe afariki. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha, na furaha ile nikataka kumsimulia Yotamu, ndipo ikaniuma.

Siku ya tano nilizima injini kupumzika. Nilikuwa nakunywa maji, kikohozi kikaja.

"Trekta."

Safari hii hakutumia Kiswahili cha Usangu. Alisema Kinyakyusa, lugha ya nyumbani, nami nawaandikia kwa maana yake.

"Trekta, nilikuchagua wewe mdogo. Mwenye shamba alimtaka mkubwa, nami najua kwa nini. Si daraja. Daraja ningelijenga. Ni kwamba wa kumwendesha yule mkubwa haji." Akakohoa kidogo. "Ana mke huko. Ana watoto wawili. Aliniambia mwenyewe kwa simu, mwaka juzi, akaniomba nifunge mdomo. Nikaufunga, kwa kuwa mdomo wangu na masikio ya mwenye shamba havijaruhusiwa kukutana. Nikajificha nyuma ya mwiko kama mwizi nyuma ya kanisa. Trekta, mwambie nimekosa. Mwambie asimngoje."

Nilishika usukani wa trekta iliyozimwa. Ningependa kusema nilishangaa. Sehemu moja yangu ilikuwa inajua tangu lile jibu la "poa tu", na labda kabla, ila nilikuwa nimeinyima chakula nikidhani itakufa. Nililia. Sikulia kwa staha. Nililia kwa sauti juu ya kiti kile, kilemba kikadondoka topeni sikukiokota. Chini ya majani ya mgomba niliona ncha za buti mbili za mpira. Hazikuondoka. Zilikaa pale mpaka nilipomaliza.

Kisha sauti ikarudi kwenye Kiswahili. "Trekta, jaruba la pili bado."

Nikawasha.

Tulimaliza kulima, tukapandikiza. Watu hudhani ukishaujua ukweli hamu inakufa siku ile ile. Hamu haina masikio, mimi nawaambia. Nilimpigia Yotamu, nikamwambia najua, akasema "Jeni" mara tatu, nikakata. Na bado nikisikia baiskeli inakuja kwenye mvua nilikuwa nasimama. Bado nilitandika ule upande wa pili. Nilijiona mpumbavu peke yangu Ikolo nzima, na upumbavu wa peke yako una baridi yake.

Mwezi mmoja baadaye, adhuhuri moja, nilikuwa natoka shambani na trekta. Nilipokaribia kijito nikaona mgongo ninaoujua, wazi, unametameta jasho. Baba mkwe alikuwa amesimama majini hadi magotini. Upande wa kushoto wa daraja palikuwa na gogo jipya, limeshafungwa kwa kamba na kukaa sawa na yale manne. Gogo jingine lilikuwa ukingoni, na mzee alikuwa anahangaika kulisukuma lifike upande wa kulia.

Sikuelewa. Trekta yangu ilikuwa inapita kwenye daraja lile kila siku na nafasi inabaki. Ndipo nikaviona vijiti. Vile vya majani makavu vilikuwa bado vimesimama majini, na pale nilipong'oa kimoja kwa hasira palikuwa na kingine, kipya, kimefungwa jani kavu jipya. Gogo la kushoto lilifika kwenye kijiti barabara. La kulia likishawekwa lingefika pia. Yule aliyeniambia nisimngoje alikuwa anampanulia mwanawe daraja, upana wa hospawa thelathini na tano.

Alisikia injini. Akakohoa mara mbili haraka haraka, akataka kuliacha gogo aingie kwenye matete ajifiche, lakini gogo likaanza kuteleza na ikambidi abaki amelikumbatia. Kikohozi kikamtoka tena, cha tatu, ambacho hakimo kwenye sheria zetu.

Nikazima trekta nikashuka. Kwa mila nilitakiwa nirudi nyuma niende nikatazame majani. Badala yake nilitembea ukingoni nikiwa nimeinamisha kichwa, nikafika kwenye ncha ya mbele ya gogo, nikampa mgongo ili nisimwone uso, nikainama, nikashika.

Nilisikia maji ya kijito na pumzi ya mzee nyuma yangu. Halafu ncha ya nyuma ikanyanyuka, na uzito wote ukaja katikati yetu, kila mtu na nusu yake. Nikaanza kuingia majini, mimi mbele, yeye nyuma.

"Trekta," akasema, na sauti ilikuwa imelowa. "Taratibu."

Nikaenda taratibu.